Kurasa za Mwisho za Kitabu cha Dada Mwajuma

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Simu wekeni chini. Sitawapa hadithi ya kuwabembeleza. Nawaambia jambo nililolifanya nikiwa mtoto, na lililompata mtu mwingine kwa sababu yangu. Wa umri wangu nao wasome wakitaka, wapo watakaoikumbuka Keko ya wakati ule. Lakini nyie ndio mlionichokoza.

Mjukuu wangu Nasra yupo kidato cha tatu. Likizo hii kaja na kitabu cha Kiingereza, riwaya ya zamani, imechakaa mpaka jalada limebandikwa na gundi. Mwalimu kawaambia wakirudi kila mtu awe ameimaliza. Juzi mchana nimekaa ukumbini nakata bamia, nikamsikia chumbani anasoma kwa sauti. Mie Kiingereza sikijui. Shule niliishia darasa la tatu. Sauti ile ikapita kwenye pazia, inapanda, inashuka, maneno nisiyoyajua yanafuatana tu bila kupumzika, na nikajiona mtoto wa miaka minane tena. Kisu kikaniponyoka.

"Nasra! Funga hicho kitabu. Sitaki kukisikia humu ndani."

Akatoka kavimba. "Bibi, si nasoma tu jamani? Tukirudi tutaulizwa."

"Nimesema funga."

Mdogo wake, Shani, ana miaka saba na mdomo wa watu wazima. Akanitazama, akauliza, "Kwani bibi unaogopa Kiingereza?"

Nikamwambia akachezee nje. Lakini swali lake halikwenda naye nje. Lilibaki pale pale na mie na bamia zangu.

Nyumba yetu ilikuwa Keko, nyuma ya banda la useremala la baba. Baba alitoka Kusini na msumeno wake, akamuoa mama, Mzaramo, akabaki. Alitengeneza vitanda, makabati, viti, na Mkristo akifiwa akaja kuagiza sanduku, alitengeneza na sanduku. Uani mbao zilisimamishwa kuegemea ukuta ili zikauke, safu kwa safu, na kati ya safu na ukuta palikuwa na vijia vyembamba ambavyo mtoto tu ndiye aliyeweza kupita. Harufu ya mninga na vanishi ilikaa kwenye nguo zetu, kwenye ubwabwa, mpaka kwenye maji ya mtungi. Chini palijaa maranda, yale maganda yanayotoka mbao ikipigwa randa. Ukikanyaga maranda husikiki. Hilo ndilo lililonifanya niuogope ua ule hata kabla ya kitabu: mtu aliweza kukufikia mgongoni hujajua kama yupo.

Dada yangu Mwajuma alinipita miaka minane. Mtaani kwetu ndiye msichana wa kwanza kwenda sekondari, tena ya bweni. Mama hakulipenda hilo. Kulikuwa na posa tayari, mwanamume wa Rufiji, wa ukoo wa kina mama, mtu mzima mwenye mashamba yake. Mama alimtaka yule. Baba akakata shauri akiwa na penseli sikioni, mie nikiwepo.

"Mwache asome," alisema. "Ila siku shule yenyewe itakapomrudisha hapa kabla hajamaliza, posa naipokea, na sitaki kusikia kilio cha mtu."

Mwajuma akasema, "Hawatanirudisha, baba." Akasema kama mtu aliyekwisha kuona yote ya mbele.

Likizo hiyo akarudi na kitabu. Mwalimu wao aliwapa kila mmoja kimoja, mali ya shule, na masharti: wasome kwa sauti ili ulimi uzoee, na siku ya kufungua kila msichana atasimama mbele ya wenzake, aisimulie riwaya yote kwa Kiingereza mpaka mwisho, bila kushika kitabu. Basi kila siku baada ya adhuhuri, jua likiwa kali na mafundi wamelala chini ya mabenchi, Mwajuma alikaa kwenye gogo karibu na mbao, akasoma.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea.

Kwetu kusoma kwa sauti maneno yasiyoeleweka kulikuwa na kazi zake. Mtu akifa, husomwa hitima. Mtu akiibiwa, husomwa halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi. Na miezi michache kabla ya likizo ile, randa ya baba iliibwa. Akamwita mwalimu wetu wa madrasa na wazee wengine watatu, wakasoma chumba cha mbele tangu asubuhi mpaka wakahitimisha. Siku ya tatu akaja fundi wa banda la pili. Tumbo limemvimba, kalishika kwa mikono miwili, na randa kaibana kwapani ndani ya gunia. Akaiweka kizingitini. Akageuka akaenda zake, na baba akaiokota. Mie nilikuwa nyuma ya mlango, nikaliona lile tumbo kwa macho yangu. Nikamuuliza mwalimu siku nyingine, akanijibu kwamba kisomo hutimia kikifika mwisho, kikikatishwa njiani hakimpati mtu.

Kwa hiyo nilijua. Kusoma kwa namna ile ni kumsomea mtu. Na mtu huyo lazima yupo.

Siku ya pili au ya tatu ya kitabu nikamsogelea dada. "Unamsomea nani?"

Alikuwa na jasho puani, kachoshwa na maneno magumu. Akanitazama. Midomoni nilikuwa na chembe za sukari, maana nilikuwa natoka uvunguni kwa mama kulikofichwa kopo.

"Nakusomea wewe, mdokozi wee," akasema. "Si wewe unayemaliza sukari ya watu? Ngoja nifike mwisho. Utaliona tumbo lako."

Akacheka, akafunua ukurasa. Kwake ilikwisha hapo. Hakujua kwamba mie nilikwenda nyuma ya choo nikafunua gauni, nikalitazama tumbo langu, na nikaliona limeanza.

Nilitaka kujua kisomo changu kinasema nini. Kesho yake nikamsumbua mpaka akakubali kunieleza kwa Kiswahili. Alisema ni baba mmoja mjane, anakaa na watoto watano kwenye nyumba ya mawe, nchi ya baridi, mbali na watu. Kila jioni kabla ya chakula huwaita majina mmoja mmoja, na kila mmoja huitika. Jioni moja kawaita wote watano, wote wameitika, anataka kukaa, akasikia anaitika wa sita.

"Nani?"

"Hakuna anayemjua. Sauti ni ya mmoja wao."

"Halafu?"

"Halafu kila jioni anaitika karibu zaidi na meza. Na viti ni vitano." Akanikonyeza. "Itabidi mmoja ampishe."

"Nani atampisha?"

"Sijafika huko. Niache nisome, mtoto mbishi wewe."

Tangu hapo nilikaa namsikiliza kila mchana kutoka kwenye kijia cha nyuma ya mbao, mgongo ukutani. Maneno sikuyajua, lakini nilijifunza mahali baba yule anapoita majina, kwa sababu dada aliyasoma matano kwa mpigo mmoja na kisha akanyamaza kidogo. Ule ukimya niliuogopa kuliko maneno. Nilihisi mtu anavuta pumzi.

Siku moja Mwajuma alikuwa bombani, kaenda na ndoo. Kitabu kimelala kwenye gogo. Mie nimechuchumaa mlangoni kwa banda, mama yupo jikoni. Akaniita, "Siwema!"

Kabla sijafungua mdomo, kule kwenye mbao pakaitikwa, "Abee!"

Sauti yangu. Sisemi inayofanana. Yangu.

"Haya njoo basi," mama akasema, "au umeitika kunifurahisha?"

Nikaenda jikoni. "Mama, sijaitika mie."

"Usinichezee. Nimekusikia."

"Sijaitika."

Akanipa kofi dogo la mkononi, akanipa na chombo nipeleke kwa jirani. Nilipita uani nimefumba macho, nimeshika ukuta wa nyumba, nikiupa mgongo ule upande wa mbao. Kisha nikaona ni vibaya zaidi kuupa mgongo.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mwizi akilalamika kwamba anasomewa, si amejitaja mwenyewe? Niliacha sukari. Niliswali na mama, jambo lililomshangaza. Tumbo likaendelea kuniuma, chakula nikakiacha, mama akanichemshia majani ya mlonge akisema ni minyoo.

Kisha akaja yule mteja wa sanduku. Mwanamume mrefu, shati kalifunga vifungo mpaka shingoni. Baba akamuuliza kipimo. Hakuwa nacho; maiti ilikuwa hospitali, wanasubiri ndugu wa mbali wafike.

"Ni mtoto tu, fundi," akasema. "Wa kike." Akatazama huku na huku, akaniona. "Umri kama wa huyu."

Baba alikuwa mtu wa kazi. Akili yake ilikwenda kwenye mbao, haikwenda kwingine. "Siwema, njoo simama hapa." Akachukua kamba, akaiweka ncha utosini kwangu, akaishusha mpaka kisiginoni, akapiga fundo. Vidole vyake vilikuwa na gundi. Nilisimama wima kama alivyotaka. Nilimsaidia. Nilibana visigino.

Mama akatokea. "Baba Mwajuma! Una akili wewe? Unampima mwanao sanduku?"

"Ni kamba tu, mama Mwajuma."

"Kamba tu! Hebu ikate!"

"Nikiikata nitapimia nini? Mtu yupo hapa anasubiri."

Yule mteja alitazama chini, akajishika kishikizo cha shingoni. Mama akanivuta mkono, akanisukumia nyuma yake, kisha akamgeukia Mwajuma pale kwenye gogo, akawa anamsemesha kwa ukali, kidole kinatikisika. Alichomwambia sikukisikia. Nilikwisha kukimbilia nyuma ya mbao.

Mchana ule ule kisomo kikaendelea. Nilikisikia nikiwa kijiani. Na kesho yake, na siku mbili zilizofuata. Kilikuwa cha chini zaidi, cha haraka, na majina matano yalikuja mara nyingi kuliko kwanza. Sikuchungulia tena kumwona dada. Nilihesabu kurasa. Dada aliweka kipande cha msasa mahali alipofika, na kila nilipokiona kitabu kimefungwa, kile kipande kilikuwa kimesogea. Zilibaki chache, unene wa kidole changu kidogo. Bandani sanduku lilikuwa limekwisha kupigwa msasa, limesimamishwa ukutani, kimo changu hasa.

Alasiri ya siku ya nne dada alipoingia ndani kuswali, nikakichukua kitabu. Nikakifungua pale penye kipande cha msasa, nikashika kurasa zote zilizobaki, nikazichana. Zilitoka kwa mivuto mitatu. Nikazitia kwenye gunia la maranda, katikati kabisa, nikafukia. Kabla ya magharibi akaja mama mmoja mteja wetu, aliyekuwaga anachukua maranda kwa jiko lake, akajitwisha gunia akaondoka.

Sanduku lilichukuliwa asubuhi yake kwenye mkokoteni. Nikalitazama linapinda kona. Nikasema moyoni, kimempata mwingine. Tumbo likaacha kuuma siku ile ile, nikala ubwabwa sahani mbili.

Mwajuma alipokigundua kitabu hakupiga kelele. Alikishika wazi mikononi, akawa anagusa ile mizizi ya kurasa iliyobaki kwenye uzi.

"Siwema, nani kagusa kitabu changu?"

"Sijui."

"Mama?"

"Kitabu cha balaa hicho," mama akasema kutoka jikoni. "Labda kimejichana chenyewe."

Alitafuta siku mbili. Alitafuta uvunguni, juu ya kabati, chini ya kila benchi. Mie nilimsaidia kutafuta. Ningesema neno moja tu angekwenda kwa yule mama wa maranda akaulizia, na huenda zilikuwa hazijaungua. Lakini akizipata angezisoma, na kisomo kingefika mwisho. Nilimtazama dada yangu anahangaika mpaka kucha zimejaa vumbi la mbao, na nikanyamaza ili niishi.

Shuleni, zamu yake ilipofika, alisimama akasimulia vizuri mpaka pale kurasa zilipoishia. Akanyamaza. Mwalimu akakitaka kitabu, akakiona. Wakasema kakichana mwenyewe apate kisingizio cha kutosoma, na kaharibu mali ya shule. Akaambiwa aende nyumbani, arudi na mzazi na kitabu kingine kama kile. Kitabu kama kile hakikuuzwa duka lolote mjini. Baba hakuhangaika sana kukitafuta.

"Nilisemaje?" aliuliza tu. "Shule imemleta yenyewe."

Siku aliyoingia uani na sanduku lake la bati kichwani, mie nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilimrukia shingoni. Niliona wote tupo, mimi mzima, dada kaja, na kitabu hakimo tena mikononi mwake. Yeye hakunikumbatia. Alimtazama mama tu.

Posa ikapokelewa. Akapelekwa Rufiji. Akazaa saba, akazika wawili, akafiwa na mume, akaja kuzeekea Mbagala kwa mwanawe. Mama yetu alikufa katikati ya miaka hiyo. Siku ya kumwosha tuliitwa mabinti. Mie niliingia. Mwajuma alibaki nje mkekani na wageni, kajifunika kanga mpaka machoni. Watu wakasema ni uchungu.

Nilimwambia tukiwa wazee. Alikuwa anachambua mchele barazani kwa mwanawe, ungo mapajani.

"Dada, kile kitabu cha likizo nilikichana mie."

Mikono ikasimama. "Kwa nini?"

"Uliniambia unanisomea. Kwa ile sukari. Nikajua ukifika mwisho nakufa."

Alicheka kwanza. Alicheka mpaka mchele ukamwagika. Halafu kicheko kikamkauka usoni, akawa ananitazama kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Siwema. Miaka yote nilidhani ni mama."

"Mama?"

"Yeye ndiye aliyeitaka ile posa. Na siku baba alipokupima, mama alininyooshea kidole machoni, akanikataza kusoma kwa sauti. Alisema kitabu kinaita mambo. Nikamtii. Nikawa nakaa chumbani nasoma kimya, kitabu nakirudisha kwenye gogo nikienda kuswali. Kisha kurasa zikapotea. Nimshuku nani mwingine?" Akaufuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Sikuingia kumwosha, Siwema. Mama yangu mzazi. Sikumgusa."

Nikainama kuokota mchele. Kisha maneno yake yakanifikia, moja baada ya jingine.

"Dada. Ulisoma kwa sauti. Siku nne mfululizo tangu ile kamba. Mie nilikuwepo nyuma ya mbao, nilikusikia."

"Hukunisikia mie."

"Uani, mchana."

"Nimekwambia nilikuwa chumbani. Mdomo nimefunga."

Ungo ulikuwa kati yetu. Hakuniuliza nilisikia nini, wala mie sikumweleza. Tuliokota mchele punje kwa punje mpaka mwanawe alipokuja kutuuliza mbona hatuwashi jiko. Hatukulizungumza tena. Sasa yupo ardhini, na mwisho wa riwaya ile hakuujua. Mie ndiye niliyemwosha.

Nyie mtasema ni utoto, ni joto, ni njaa ya mtoto aliyekataa kula. Semeni. Sikuandika mniamini kuhusu sauti. Sauti ile, yoyote iliyokuwa, haikumrudisha dada yangu nyumbani. Aliyemrudisha ni mie, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekaa chini akaniambia kile kitabu ni kitu gani, na mie sikuthubutu kuuliza mara ya pili. Nikakaribia kumfanyia Nasra hayo hayo, na uzee wangu huu, nikiwa na kisu na bamia mkononi.

Jana baada ya chai nikawaita wote ukumbini, Nasra, Shani na mama yao. Nikawaambia wasinikatishe, nikasema hivi:

Kitabu hicho kitasomwa mpaka ukurasa wa mwisho. Kitasomwa hapa ukumbini, mchana, kila mtu auone mdomo unaosoma. Nasra akiwa nacho mkononi asitumwe dukani, asitumwe bombani, asiitwe kukosha vyombo. Vyombo nitakosha mie. Kila akimaliza ukurasa atamweleza Shani kwa Kiswahili umesema nini, na Shani akiuliza mara kumi atajibiwa mara kumi, bila kutaniwa. Shani, sogea karibu na dada yako. Nasra, anza.